Mwanangu, mtoto akikujibu usilolitarajia

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani Kiomboi. Sisi huku hatujambo, wasiwasi wetu ni kwako uliye mbali. Insha yako ya ubunifu darasani ilifika kwenye simu ya mdogo wako, picha saba. Nilizisoma usiku ule ule mpaka chaji ikaisha, nikamalizia asubuhi kabla ya chai.

Umeandika vizuri. Pale uliposema ubunifu si kuchora na kuimba tu, hata hesabu inao, nilisimama nikarudia. Nilimsomea mama yako mkubwa ukurasa ule, akasema huyu ndiye atakayetufundishia wajukuu. Mimi nimefundisha miaka 34 na sikuwahi kuandika kurasa saba juu ya kazi yangu. Chuo chako cha ualimu cha Butimba kina sifa ya sanaa na muziki tangu zamani zetu, na naona sifa hiyo imekuingia.

Lakini mama, kuna kitu nimekitafuta humo sikukiona. Visoda vipo, vijiti vipo, kadi za namba zipo, wimbo wa kuzidisha umeutunga mwenyewe, watoto umewapanga sita sita na kila kundi lina katibu wake. Sasa mtoto akinyoosha mkono akakujibu jambo ambalo hukulitarajia, utafanya nini? Hapo pako ukurasa wa ngapi?

Naandika kwa mkono kwa sababu Julai unaingia darasani kwa mazoezi, na kwenye simu wewe ni "sawa mama, sawa mama", halafu umekata.

Huko chuoni mnafundishana ninyi kwa ninyi. Mwenzako akikaa kwenye dawati kujifanya mwanafunzi, anajua jibu unalolitaka na anakupa, ili kesho nawe umpe lake. Mtoto wa darasa la tatu hana mkataba huo na wewe. Halafu wako wengi. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza, nilipokea watoto 143 wa darasa la kwanza katika chumba kimoja. Daftari 143, kila moja dakika moja tu, ni karibu saa mbili na nusu, na nyumbani ninyi mnasubiri ugali. Hapo ndipo mwalimu anapoanza kupenda jibu la aina moja, maana ndilo linalosahihishika haraka.

Usidhani kizazi chetu hatukuambiwa. Chuoni tulikariri Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, pale Mwalimu Nyerere anapotaka mtoto awe na akili ya kudadisi. Tuliikariri hiyo akili ya kudadisi, ikaja kwenye mtihani, nikapata alama zote. Mwaka 2005 mtaala ukageuzwa ukawa wa kujenga umahiri, tukaenda semina, tukarudi na maneno mapya ya kujazia andalio la somo. Ubaoni niliendelea na yale yale. Sasa mna mtaala mwingine ulioanza 2024, na maneno yake umeyaandika kwa mwandiko safi. Ndiyo maana nauliza.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa darasa la tatu, mama yake akiuza nyanya gengeni. Nilikuwa nafundisha kutoa, 52 toa 27, unaanza na mamoja, haitoshi, unakwenda kukopa kwenye makumi. Akaja ubaoni akaanzia kushoto. Hamsini toa ishirini, thelathini. Mbili toa saba, nadaiwa tano. Thelathini toa tano, ishirini na tano. Nikamwambia sikukufundisha hivyo. Akasema ndivyo wanavyohesabu gengeni. Darasa likacheka, nami nikadhani linanicheka mimi.

Kanuni za viboko unazijua, umezitaja mwenyewe ukurasa wa tano: visizidi vinne, apige mwalimu mkuu au aliyempa ruhusa kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Cha siku ile hakimo katika kitabu chochote. Andalio langu la kipindi kile ninalo mpaka leo, na chini kabisa, kwenye tathmini, nimeandika: somo limeeleweka.

Hakunyoosha tena mkono mpaka alipotoka darasani kwangu. Siku hizi anaendesha bodaboda pale stendi. Nikimpa elfu tano, chenji iko mkononi mwangu kabla sijafunga pochi.

Ya yule ng'ombe wa bluu uliyemchora ukiwa mdogo, na nilivyokujibu, unayajua, siyarudii. Nilikuwa nimerudi na mzigo wa daftari.

Basi nisikilize. Mtoto akijibu usichokielewa, usikimbilie "nani amsaidie mwenzake?" Neno hilo tumelizoea, na anayeambiwa hivyo hukaa chini kabla hujamwambia akae. Mwambie arudie polepole. Andika ubaoni alichosema kama alivyokisema, kisha mkikague pamoja na darasa zima. Huenda amekosea kweli, na hapo kosa litaonekana lilipoanzia. Muda ukiwa umekwisha, mwambie utamuuliza saa ya mapumziko, na saa hiyo umuulize kweli, usiende kunywa chai. Na makofi ya kilo usiyafanye ya yule tu aliyesema ulichokuwa nacho kichwani, maana darasa hujifunza upesi mwalimu anapenda kusikia nini.

Utaambiwa mtihani wa darasa la saba, sehemu yake kubwa, unataka herufi moja, A mpaka E. Ni kweli, na sikwambii uudharau. Nilikufundisha mwenyewe kuufaulu na ulifaulu, shule nzima walijua. Lakini dakika 40 za kipindi si zote za mtihani.

Kingine, mwandiko wako. Kwenye karatasi ni mzuri, ila ile "a" yako ya siku hizi sijui umeitoa wapi. Watoto wataandika kama unavyoandika ubaoni, irudishe ilivyokuwa. Mwalimu wa darasa utakayemkuta umheshimu hata kama anafundisha kizamani. Usimsahihishe mbele ya watoto. Wimbo wako usiuimbe siku ya kwanza, wasije wakadhani umekuja kujionyesha. Na ule asubuhi, kifua chako nakijua.

Huku nyumbani alizeti tumepata magunia 11, mwaka jana yalikuwa 16, mvua ilikatika mapema. Tumekamua nusu, nusu tunasubiri bei. Baba yako mguu una nafuu lakini hataki kutumia fimbo, anasema ni ya wazee. Bati la jikoni fundi ameliziba, amedai elfu kumi na tano, nimempa kumi na kuku mmoja. Mdogo wako hesabu zinampiga chenga. Juzi nimekaa naye, akanipa jibu la ajabu, nikamwambia hebu nieleze umefikaje hapo. Alinitazama sana kabla hajaanza kueleza. Alikuwa amekosea, lakini tulikaa mpaka saa nne usiku.

Shilingi elfu 40 za manila na kalamu nimezituma kwenye simu, na ulikuwa hujasema kama zimefika. Hilo nalo si jema, mtu akikutumia kitu unamjibu. Pamoja na barua hii kuna dumu la mafuta lita tano na karanga. Lipokee mwenyewe kwa kondakta, usimtume mtu. Dumu usiligawe, ni la jirani, atalidai.

Na swali langu unijibu kwa barua, siyo kwa simu. Mtoto akikujibu usilolitarajia, utafanya nini?

Mimi mama yako.