Kii haishiki flaiwili

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na mafundi wenzangu wa injini za boti hapa Tanga. Wengi wanaamini kile kipande kidogo cha chuma kiitwacho kii ndicho kinachoshika flaiwili, yaani gurudumu zito la injini. Sicho! Flaiwili inashikwa na mbano wa koni ya krenki, yaani ncha iliyochongoka ya mhimili wa injini, ndani ya tundu la flaiwili. Kazi ya kii ni kuipanga tu, plagi ipige moto kwa wakati. Ukiacha grisi kwenye koni, au ukakaza nati kwa nyundo na patasi, flaiwili inateleza, kii inakatika, mvuvi anabaki baharini injini haiwaki. Juzi pale Sahare nilifungua moja: koni imechubuka, kutu nyekundu kama pilipili ya unga. Tuifute koni ikauke, tukaze nati kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Ni ghali, lakini wenye boti wanaweza kuchangiana wakanunua moja.

Fundi wa boti,
Chumbageni, Tanga