Kiwanja hicho usikinunue

Mwanangu,

Ugonile. Huku hatujambo. Kifua cha baba yako kimetulia tangu mvua zianze, na mdogo wako yuko shuleni japo ada tumelipa nusu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikitaja kiwanja tu, unaniambia mtandao unakata. Kaka yako atazipiga picha kurasa hizi akutumie, na karatasi zenyewe nitazitia kwenye mfuko wa mchele, usije ukasema hukuziona.

Picha ya kiwanja unachotaka kununua huko Ngaka, Mbinga, nimeonyeshwa. Nimeona vigingi, nimeona udongo mwekundu, nimeona na malori yamepanga foleni kule nyuma. Kaka yako akachekelea, "Mama, hapo ni jirani na geti la mgodi, hela iko nje nje." Mwanangu, hilo geti ndilo linaloninyima usingizi. Kingekuwa kiwanja cha Songea mjini, au hata Mbinga mjini, nisingepoteza wino.

Usije ukadhani sifurahii kazi yako. Jumapili nilisimama nje ya kanisa nikawaambia akina mama wote kwamba binti yangu anapima makaa ya mawe Ngaka, maabara, na koti jeupe. Mmoja akauliza kwani makaa nayo yanapimwa? Nikamweleza unyevu, nikamweleza majivu, nikamweleza na joto lake, kama ulivyonifundisha likizo ile. Kwenye salfa nilichanganya kidogo lakini hakuna aliyejua. Baba yako ameshuka chini ya mgodi wa hapa Kiwira miaka yote ile na hakuwahi kuambiwa namba hata moja. Alijua tu kwamba haya yanawaka na haya yana mawe. Kwa hiyo fahari ninayo. Ila umekaa huko kipindi kifupi tu na tayari unataka mkopo wa mshahara ukanunue ardhi. Hukutuuliza. Tumesikia kwa kaka yako.

Hadithi za king'ora cha mgodi, za zahanati na za yule mbwa wa kantini unazijua, sizirudii. Usichokijua ni jinsi hapa palivyokuwa kabla hujapata akili. Wewe umeanza kupaona pakiwa tayari pamelegea, ndiyo maana unadhani ndivyo palivyoumbwa.

Mgodi wa Kiwira ulijengwa kwa msaada wa China, ukafunguliwa mwaka 1988, ukapangiwa kutoa tani 150,000 kwa mwaka. Ulikuwa na mtambo wake wa umeme, megawati 6, unaoendeshwa kwa makaa hayohayo. Kota zilikuwa zinawaka taa usiku wakati vijiji vinavyotuzunguka watoto wanasomea kibatari. Makaa yalikwenda kiwanda cha saruji pale Songwe, yakaenda kiwanda cha karatasi kule Mgololo. Watu wakamiminika. Wandali wenye ardhi yao, Wanyakyusa wa Kyela na Tukuyu, Wasafwa, Wakinga na maduka yao. Chumba kimoja kilipangwa na watu wa shifti mbili, huyu akiamka yule anaingia, godoro halipoi. Mimi nilikuwa na banda langu la chakula. Siku za kawaida wali maharage, siku ya mshahara nilitafuta mbasa wa Ziwa Nyasa na bado hawakutosha. Hela ilikuwa nje nje, mama. Niliiona kabla yako.

Nyumba hii tuliijenga kwa matofali tuliyoyachoma kwa makaa ya hapahapa, ndiyo maana hayaliwi na mvua hata leo. Baba yako alitaka vyumba viwili tu, tena Kyela, kwenye eneo la bibi yako. Hizo fremu tatu za mbele hakuzitaja yeye. Basi, tuyaache hayo.

Mwaka 2005 mgodi ukabinafsishwa, baadaye ukarudi serikalini, chini ya STAMICO, shirika la madini la taifa. Katikati hapo kazi ya chini ikasimama. Sasa nisikilize. Hakuna aliyekuja na spika kutangaza kwamba mtaa umekwisha. Watu waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akisema anakwenda kusalimia kwao mara moja. Wengine waliacha makabati, wengine waliacha mbuzi. Mimi nilijulia kwenye daftari la madeni, maana majina yalizidi kuandikwa na hakuna yaliyokuwa yanafutwa. Wadeni wangu leo wako Chunya na Geita kwenye dhahabu, na mmoja nasikia ana hoteli. Wenye nyumba ndio tuliobaki. Mpangaji anabeba godoro, mwenye nyumba anabeba nini?

Tulisema tusubiri, watafungua. Baba yako ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyamaza. Anajua mgodi wa chini haukusubiri mpaka urudi. Pampu zikizimwa maji yanapanda, nguzo zinazoshikilia dari zinaanza kuachia, na kuufufua ni kazi kama ya kuanza upya. Wakati ule kila mwaka tulisikia habari, mara mtambo mkubwa wa megawati 200, mara wawekezaji. Kila habari ilimfanya jirani mmoja akope akaezeke upya. Ukipita leo utayakuta mabati yale yameshika kutu juu ya nyumba tupu.

Najua utaniambia hapa jirani Kabulo wanachimba makaa. Ndiyo, wanachimba, malori yanapita hapa na vumbi tunakula. Lakini hebu nenda kasimame barabarani uhesabu wanaoshuka kununua hata andazi. Kule wanachimba juu kwa juu, ekskaveta moja inafanya kazi ya shifti nzima ya baba yako. Dereva anajaza, anafunika turubai, anakwenda zake kulala Tukuyu au Uyole. Mgodi wa chini ulihitaji watu, watu wakahitaji vyumba. Mgodi wa juu unahitaji dizeli. Na huko kwenu Ngaka, wewe mwenyewe uliniambia, ni wa juu.

Na hiyo foleni ya malori iliyokutia tamaa, kaka yako ananiambia yanakwenda bandari ya Mtwara, meli zinapeleka nje. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza ndipo watu wa mbali walipoanza kuyagombea makaa ya huko Ruvuma, na bei ikapanda. Sasa niambie, wewe unajua vita hiyo inaisha lini? Huyo anayekuuzia kiwanja anajua? Ngaka wameanza kuchimba 2011, juzi tu. Hapa kwetu kutoka kufunguliwa mpaka watu kuanza kufunga mizigo hata miaka ishirini na mitano haikufika, na wakati wa neema kila mtu alikuwa anazungumza kama unavyozungumza wewe.

Kitu kingine. Hicho kiwanja ni cha nani? Ardhi ya kijiji haiuzwi kwa vigingi na picha. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Mhuri wa mwenyekiti peke yake, uliopigwa jioni nyumbani kwake, hautoshi. Na je, kiko ndani ya leseni ya mgodi au nje? Madini ni mali ya taifa, wewe unanunua udongo wa juu tu. Wakitaka kilicho chini utaambiwa usubiri mthamini, na hesabu ya fidia haitaanzia kwenye bei uliyolipa wewe. Unafanya kazi mgodini, ramani ya leseni iko ofisini kwenu. Umeiangalia? Swali hili nataka ulijibu kwa maandishi.

Tena ile picha hukupiga wewe. Kwenye majani kuna kivuli cha mtu mrefu, amevaa kofia. Kaka yako anasema ni rafiki tu anayekusaidia kutafuta. Sawa. Mimi sijauliza kitu. Baba yako ndiye ameuliza kwao ni wapi.

Kuhusu vumbi, nimekwambia na narudia. Hiyo barakoa ya kitambaa unayoivaa kwenye picha ya kazini ni ya kuendea sokoni. Dai ile yenye kichujio, na ukiwa unasaga sampuli usiishushe kidevuni ili uongee. Baba yako hakohoi kwa sababu ya uzee. Na nguo za kazi usizichanganye na za ndani kwenye beseni moja. Hapa kwetu ovaroli na nepi zenu vilifuliwa pamoja, maana maji yalikuwa ya kubeba na beseni lilikuwa moja. Nyinyi mmekua, Mungu amesaidia, lakini wewe fua mbalimbali.

Kaka yako ameniletea mfuko wa ule mkaa mbadala wa STAMICO unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, Rafiki Briquettes. Nilikuwa na wasiwasi kwa sababu zamani tulipokuwa tunapikia mabonge tuliyookota, moshi wake ulikuwa na harufu ya kiberiti, sufuria zikawa nyeusi mpaka ndani ya mishikio, na jiko la bati lilitoboka wavu kabla mwaka haujaisha kwa joto lile. Huu wa sasa ni mchelewaji kushika, unahitaji vijiti vikavu na uvumilivu, lakini ukishashika unachemsha maharage mpaka yakaiva bila kuongeza. Bibi yako anaukataa, anasema chakula kinanuka mgodi. Nimempikia bila kumwambia, akala, akaongeza.

Turudi kwenye jambo letu. Kama hela inakuwasha, mjomba wako anauza nusu ekari ya kakao Kyela, miti inazaa, ni jirani na ya bibi yako. Kakao ilipopanda bei 2024 watu walianza kuing'ang'ania, na yeye anauza kwa sababu tu mtoto wake ana shida ya hospitali. Kakao inakwenda kwenye mnada wa ushirika, unalipwa benki, hata ukiwa Mbinga. Ukitaka nitasimamia kuchuma na kukausha, na usidhani nitakula hela yako, utanilipa kama unavyomlipa mtu mwingine. Sikulazimishi. Ila ukinunua kule getini ukajenga fremu, siji kuzizindua.

Unaniuliza kila mara kwa nini hatuuzi hapa tukahamia Kyela. Nani anunue? Fremu ya kwanza wamelala kuku. Ya pili nimeweka magunia na baiskeli ya baba yako. Ya tatu amepanga kijana wa kutoa na kuweka pesa, kodi elfu kumi, na mwezi uliopita ameniletea elfu sita na kuku mmoja ambaye nina hakika ni wangu. Wiki iliyopita wamepita vijana wakiuliza kama wanaweza kununua matofali ya ukuta wa nyuma, wanasema ya siku hizi hayana ugumu huo. Baba yako akawafukuza. Baadaye usiku nikamsikia anauliza walitaja bei gani.

Hela uliyotuma imefika, ndaga fijo. Nusu nimepeleka shuleni, nyingine nimenunua mabati manne ya jikoni, yale ya zamani upepo uliyabeba mpaka kwa jirani na hajayarudisha. Ng'ombe anatarajia kuzaa mwezi ujao. Mdogo wako anataka simu, nimemwambia aulize kwako, na wewe umwambie aulize kwangu.

Mchele unatoka hapa Alhamisi, unalala Mbeya, unapanda basi la Songea Ijumaa. Nimeshona mdomo wa mfuko kwa uzi wa bluu, ukikuta uzi wa rangi nyingine piga simu kabla hujasaini. Ndani kuna ndizi mbichi, usiziache kwenye mfuko. Hizi karatasi ziko katikati ya mchele, kwenye nailoni. Jibu la ile ramani nalisubiri.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako