Asante sana mzee wa pale kwenye mabango, London

Jamani kuna mzee mmoja nataka kumshukuru hapa, jina sikulipata. Ni kwenye ule mkutano wa IAEA (shirika la kimataifa la nishati ya atomiki) wa nishati ya fyusheni, ile ya kuunganisha viini vya atomu kama jua linavyofanya, London, Oktoba 2023, mi nimesimama mbele ya bango limejaa grafu na herufi za Kigiriki, yeye akaona jina langu kwenye beji akanisalimia kwa Kiswahili cha Mombasa kabisa, nikampa shikamoo yake, akaniuliza, "Hapa mwanangu umeelewa?" Nikacheka tu.

Basi akaacha mambo yake akaanza kunieleza, kwamba plazma, yaani gesi ya moto sana yenye chembe za umeme, ya ndani ya tokamaki (mashine ya fyusheni yenye umbo la donati) inapita digrii milioni 100, hakuna chuma cha kuistahimili, ndo maana inashikiliwa na sumaku isiguse ukuta. Halafu akanipa stori ya 1968, Warusi walienda mkutano kama huu kule Novosibirsk wakasema tokamaki yao ya T-3 imefika joto kubwa, wenzao wa Magharibi wakawa na mashaka, mwaka uliofuata Waingereza wa maabara ya Culham wakabeba leza yao ya kupimia joto mpaka Moscow wakapima wenyewe, wakakuta kweli! Na hapo ni vita baridi imepamba moto eti. Baada ya hapo kila nchi ikataka tokamaki yake.

Maprofesa wengine walikuwa wanapita bila hata kuangalia, sisemi kitu.

Mzee wangu kama unasoma hapa, ule mchoro wa sumaku ulionichorea nyuma ya ratiba bado ninao, Mungu akuweke. Anayemjua amtag tafadhali.