Kwa nini kikorogeo chetu cha hamira ni dola 85

Jumamosi iliyopita mteja wetu mmoja alirudisha kikorogeo, yaani boksi linalokoroga hamira ya bia ndani ya chupa kwa sumaku, alichonunua wiki mbili kabla. Hakikuwa kibovu. Alikuwa amefungua skrubu nne za chini, akakuta feni ya kompyuta na vipande viwili vya sumaku, akaja na hasira zake. "Kaka, umeniuzia feni ya dola 8 kwa dola 85." Tulimrudishia pesa yake yote, kwa kuwa hiyo ndiyo ahadi yetu kwa kila mteja. Lakini maneno hayo nimeyasikia tangu mwaka jana kwenye simu, mlangoni pa karakana, hata kwenye sherehe ya harusi mtu akanivuta pembeni kuniuliza. Nayajibu hapa kwa wote.

Ndiyo, ndani kuna feni ya kompyuta. Hatujawahi kuificha. Atakayetuuliza tutamchorea na mchoro ili akajitengenezee mwenyewe, na wapo waliofanya hivyo vizuri. Kinachonisumbua ni wale wanaojitengenezea kwa njia ya mkato, kisha wanatuletea kifaa kilichoungua na chupa iliyopasuka, na bia iliyogoma kuchachuka juu yake.

Kwa wanaoanza, nieleze kazi yenyewe. Sisi tuliokulia Moshi tumeona mbege ikitengenezwa: ndizi zinachemshwa, kimea cha ulezi kinaingia, na hamira inatoka kwenye kimea, kwenye vyombo na hewani. Bia tunayopika hapa Minnesota, Marekani, haiendi hivyo. Unanunua hamira ya aina moja tu, iliyokuzwa maabara. Chanzo cha utaratibu huo ni Emil Christian Hansen wa kiwanda cha Carlsberg kule Denmark, aliyefanikiwa mwaka 1883 kuitenga hamira safi kutoka seli moja. Baadhi ya mifuko ya hamira ya maji inayouzwa kwa wapishi wa nyumbani huwa na seli kama bilioni 100 ikiwa mipya. Bia ya kawaida ya galoni 5, yaani lita 19, inataka zipatazo bilioni 170. Bia ya aina ya laga, kwa kuwa inachachukia kwenye baridi, inataka mara mbili ya hizo. Na mfuko uliokaa miezi mitatu kwenye friji la duka umeshapoteza sehemu kubwa ya seli zake.

Hivyo siku moja au mbili kabla ya kupika unatengeneza chachu, yaani mchanganyiko mdogo ambamo seli za hamira zinazaliana hadi zitoshe. Unachukua ule unga wa sukari ya kimea unaouzwa kwenye mifuko, gramu 100 kwa kila lita ya maji, unachemsha dakika 10 hadi 15, unapoza, unamimina hamira. Kikorogeo kinaizungusha chachu hiyo usiku na mchana ili gesi ya kaboni itoke, hewa mpya iingie, na hamira isilale chini. Chupa ifunikwe kwa karatasi ya aluminiamu iliyosafishwa kwa dawa, ikae kwa kulegea. Usiizibe kwa kizibo cha maji, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, maana hapo hewa tunaitaka iingie.

Sasa nije kwenye njia ya mkato ninayoikuta kila mwezi, ile ya voliyumu. Feni ya volti 12 ikizunguka kwa nguvu zake zote inakikimbiza mno kijiti cha sumaku, kile kinachozunguka ndani ya chupa, kinaruka pembeni na kubaki kinagonga kioo. Lazima mwendo upunguzwe. Mtu anachukua voliyumu ya redio, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti, anaiunga kwenye waya mmoja wa feni, basi. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri, na hapo ndipo anaponipigia kuniambia kuwa nimemwibia.

Voliyumu ile ndani yake ina njia nyembamba ya kaboni, na nyingi hustahimili robo wati au nusu wati, tena kwa njia nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Feni ya kawaida inavuta miliampia 150 hivi. Ukizungusha kitufe kuongeza mwendo, umeme wote wa feni unapita kwenye kipande kidogo tu cha njia hiyo, na kipande hicho kinabeba mzigo uliopangiwa njia nzima. Kinapata moto, kinababuka, kisha kinaungua. Nikifungua voliyumu zinazoletwa hapa nakuta doa jeusi mahali palepale, mwisho wa njia, upande wa mwendo mkali.

Kaka mmoja wa Kikongo, mpishi makini kabisa wa laga, alikuwa na chachu ya lita 3 inakoroga jikoni usiku. Saa nane mkewe akaamshwa na harufu ya plastiki inayoungua, akachomoa waya. Asubuhi hamira yote ilikuwa imelala chini ya chupa. Angeitikisa kwa mkono kila alipopita, ingemtosha. Hakujua, na laga haimngojei mtu, akaimimina vilevile. Bia ile ilikaa siku tatu bila dalili ya kuchachuka, na ilipoanza ikatoka na ladha ya siki. Kimea cha bia ile peke yake kilimgharimu dola 38. Ongeza mfuko wa hamira, gesi, na Jumapili nzima.

Tunachofanya sisi ni kuweka regyuleta, kifaa kidogo cha kushusha volti, ile LM317 yenye miguu mitatu. Voliyumu bado ipo, tena yaweza kuwa ileile ya redio, ila hapa haibebi umeme wa feni. Inaielekeza tu regyuleta. Kukiwa na rezista ya omu 240 pembeni yake, kinachopita kwenye voliyumu ni miliampia 5 na kitu. Haipati joto hata kidogo, wala hatujawahi kubadilisha hata moja. Joto linahamia kwenye regyuleta, na ndiyo maana ndani ya boksi mteja aliona kipande cha alumini kimefungwa kwa skrubu akadhani ni pambo. Feni ikipewa volti 6 kutoka kwenye 12, regyuleta inaweza kutupa hadi karibu wati nzima kama joto. Bila bati hilo utaunguza kidole ukiigusa. Vikorogeo vyetu sita vya mwanzo havikuwa nalo. Tuliviita vyote virudi tukavifunga upya bila malipo, na wenye navyo wanakumbuka.

Usichomeke adapta yoyote uliyoikuta kwenye droo. Ya kompyuta mpakato mara nyingi ni volti 19, inaweza kuiua feni. Chaja ya simu ni volti 5, na LM317 inajilia karibu volti 2 njiani, hivyo feni inabaki na 3 na haiamki. Tafuta iliyoandikwa DC 12V. Zile za ruta za zamani mara nyingi zinafaa, ila soma maandishi.

Sumaku ndiyo inayokula muda wetu mwingi, na ndiyo mteja haioni. Tunatumia sumaku mbili za neodimiamu, zile ndogo zenye nguvu sana, moja ncha ya kaskazini ikitazama juu, nyingine ya kusini. Wengi huziweka zote zikitazama upande mmoja kwa sababu hazina alama, kisha wanashangaa kijiti kinasukumwa pembeni badala ya kushikwa. Nafasi kati yake ilingane na urefu wa kijiti, na katikati yake iangukie katikati kabisa ya feni. Zikipotoka milimita mbili tu, boksi linatetemeka na chupa inatembea juu ya meza. Tumepokea chupa iliyotembea hadi ikaanguka sakafuni.

Chini ya sumaku tunaweka washa pana, kile kisahani cha chuma chenye tundu. Feni ina sumaku zake ndani na kihisio kidogo kinachosoma zinavyopita. Ukibandika neodimiamu juu yake bila chuma katikati, kihisio kinachanganyikiwa, feni inatetemeka papo hapo bila kuanza. Watu wameshatupa feni nzima wakidhani imekufa. Nimeokota mbili kwenye pipa la taka la mteja, nikaziwekea washa, zikaamka, na mpaka leo zinafanya kazi.

Gundi pia. Ile ya dakika moja inashika haraka lakini haipendi mtetemo, na wengi wanaipaka juu ya stika ya feni. Stika ikibanduka, sumaku inaondoka nayo. Dada mmoja alisikia mlio kama wa jiwe ndani ya boksi lake, akafungua akakuta sumaku imepasuka vipande vitatu, maana neodimiamu ni ngumu ila inavunjika kama kigae. Sisi tunatoa stika, tunakwaruza plastiki kwa msasa, tunapaka epoksi, tunaiacha saa 24. Hiyo ni siku nzima boksi lako liko mezani kwangu halifanyi chochote, wala sikulipishi siku hiyo.

Kisha tunajaribu. Maji lita 2, sukari gramu 200 ili yawe mazito kama ya kimea, kinazunguka saa 24 mfululizo. Napima joto la maji mwanzo na mwisho, kwa sababu boksi lisilopumua linaipikia hamira kwa chini. Kikipotoka, kikirusha kijiti hata mara moja, nafungua naanza upya.

Haya, tuhesabu mbele yenu. Feni dola 8. Sumaku na washa 6. Regyuleta, bati lake, rezista, voliyumu na vikorokoro vingine 4. Boksi la mbao lenye kifuniko chembamba 12. Adapta mpya, si ya kuokota, 9. Kijiti chenye ganda la teflon 5. Hizo ni dola 44. Zinabaki 41 kwa kazi ya mikono ya saa tatu, kodi ya karakana, na dhamana ya mwaka mmoja. Hapa Minnesota nani anakufanyia kazi saa tatu kwa dola 41? Nikipunguza tena itabidi niruke jaribio la saa 24, na hilo siruki.

Nikuambie pia wakati ambapo huhitaji kununua. Kama unatumia hamira kavu ya pakiti za gramu 11, huhitaji chachu wala kikorogeo, pakiti moja inatosha bia ya kawaida ya galoni 5. Kama unapika mara mbili kwa mwaka, weka chupa mahali unapopita mara kwa mara na uitikise kila ukipita. Nimewarudisha nyumbani wateja wa namna hiyo bila kuwauzia kitu.

Wanaofika karibuni kutoka nyumbani huniuliza kwa sauti ya chini kama watakamatwa, wakikumbuka misako ya gongo. Kupika bia ya kunywa nyumbani Marekani ni halali kwa sheria ya serikali kuu iliyosainiwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1978: galoni 100 kwa mwaka kwa nyumba yenye mtu mzima mmoja, 200 kwa yenye wawili au zaidi. Majimbo nayo yana sheria zake, na ya mwisho kuruhusu, Mississippi na Alabama, yalifanya hivyo mwaka 2013. Kuuza ni marufuku bila leseni. Kutengeneza pombe kali kama gongo nyumbani bila kibali ni marufuku.

Jambo ninalomwambia kila mteja mlangoni ni kuhusu watoto. Sumaku hizi zikifunguka zisiachwe mezani. Mtoto akimeza mbili zinavutana ndani ya tumbo zikiubana utumbo katikati, na huo ni upasuaji. Mwenye betri ya moyo kifuani asishike sumaku hizi wala asiinamie boksi. Kwa ajili hiyo skrubu zetu ni za kichwa cha nyota na si za kufunguliwa kwa kisu cha jikoni.

Na ukimaliza, kabla ya kumimina chachu, shika sumaku nyingine nje ya chupa ukibane kijiti kisitoke. Kila mwaka kuna wanaokimimina kwenye pipa la kuchachushia bia. Hakidhuru bia, teflon haina shida, lakini utakaa wiki tatu ukikisubiri huku ukihitaji kingine.

Mwenye kikorogeo cha kujitengenezea chenye voliyumu kwenye waya wa feni akilete. Tunabadilisha tukaweka regyuleta na bati lake kwa dola 20, na kama sumaku zimebandikwa kwa gundi ya haraka tunaziondoa na kuzipaka epoksi ndani ya bei hiyohiyo. Kiache Ijumaa, uchukue Jumatatu. Njoo na chupa yako ya maabara, ile ileile unayotumia, kwa sababu vitako vya chupa havifanani: vingine vimevimba katikati na kijiti kinateleza. Napenda nikipangie sumaku nikiwa naona kitako chako, si cha chupa yangu.