Ustadh na mwalimu wa hesabu hawajuani

Assalaam alaikum mhariri, naomba nafasi nitoe la moyoni kuhusu hizi skuli zetu za Kiislamu, hizi zinazotuambia zinasomesha dini na sekula, yaani masomo ya kawaida ya skuli, pamoja.

Mi ni mama wa watoto watatu, niko huku Kisauni, na wote watatu nimewapitisha huko kwa hivyo sisemi ya kusikia. Juzi kijana wangu wa gredi ya sita alikuwa na homuweki ya asilimia, swali lauliza asilimia 2.5 ya shilingi 40,000 ni ngapi, akakwama, anaandika anafuta, anaandika anafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwambia hebu weka kalamu chini, zaka ya pesa hutolewa kiasi gani? Akajibu hapo hapo bila kufikiri, fungu moja katika arubaini. Haya gawanya hizo elfu arubaini mafungu arubaini, akapata 1,000, akaniangalia akasema mama kwani ni kitu kimoja?

Wallahi lile swali liliniuma. Huyu mtoto zaka kasomeshwa asubuhi na asilimia kasomeshwa mchana, jengo hilo hilo, dawati lile lile, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kuwa ni hesabu moja. Na si zaka tu, angalia mirathi, mume akifa akaacha watoto wa kiume na wa kike mke ana thumuni, na mama wa marehemu kama yuko hai ana sudusi, sasa 1/8 ukijumlisha na 1/6 si unapata 7/24, inabaki 17/24 ya watoto? Hayo ndo masehemu yale yale yanayowatoa watoto machozi, na sisi wapwani maneno yake tunayo midomoni tangu zamani, thuluthi, robo, thumuni, lakini mwalimu wa hesabu anachora keki ubaoni.

Sasa mi naona tatizo si ratiba, maana tunapiga kelele sana kuhusu ratiba, vipindi vingapi vya Quran vingapi vya sayansi. Tatizo ni kuwa ustadh, yule mwalimu wa dini, na mwalimu wa sekula hawajuani. Kuna skuli moja sitaitaja, mtoto wangu mkubwa alisoma hapo, maustadh walikuwa wanalipwa hata nusu ya wenzao hawafiki, mkataba hawana, chumba cha walimu hawana kiti, mtu anakaa barazani msikitini mpaka kengele ilie ndo aingie darasani. Mwaka mmoja walibadilishwa maustadh watatu na kila anayekuja anaanza upya Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Quran, mtoto akawa Surat Naba, sura yake ya kwanza, anaisoma kama maji lakini hajawahi kuvuka mbele. Karo nayo ilikuwa inapanda kila mwaka kwa jina hilo hilo la dini na sekula.

Na si kwamba hatuna pa kuigia, tena hapa hapa Mombasa. Mwanachuoni wetu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui tangu mwanzo wa miaka ya 1930 alikuwa anaandika kwenye magazeti yake, Sahifa na Al-Islah, kuwahimiza Waislamu wa pwani wasome elimu ya kisasa na dini yao wakiwa wameishika, na wasichana pia wasomeshwe. Halafu miaka ya 1980 Bi Swafiya Said na Aga Khan Foundation wakaanzisha zile nasari za madrasa, na mi najua zilifaulu kwa nini, walianza na mwalimu. Walichukua kina dada wa mitaa hiyo hiyo wakawafunza kazi, namna ya kumsomesha mtoto mdogo kwa vitu vya kushika, mbegu, makombe ya pwani, vizibo vya chupa, huku nyimbo na dua zikienda pamoja, na mwalimu akishafunzwa alikuwa anatembelewa darasani kwake kuangaliwa anaendeleaje. Mpango ule ukavuka ukafika Zanzibar na Kampala. Sisi tumechukua lile jina la kuunganisha, mwalimu tumemuacha.

Wako wanaosema turudi tu tulikotoka, skuli asubuhi na chuo, yaani madrasa ya Quran, jioni. Mi chuo nakiheshimu, nimehitimu chuoni kwa maalim wangu Mungu amrehemu, lakini mtoto wa siku hizi anatoka skuli saa kumi, akifika chuoni amechoka anasinzia juu ya msahafu na maalim ana watoto sitini.

Ninachoomba si kikubwa. Ustadh alipwe sawa na mwenzake, na kama hana cheti cha ualimu skuli imsaidie akipate jioni au likizo, maana kujua Quran na kujua kuisomesha ni mambo mawili. Na kila wiki wakae saa moja tu yeye na mwalimu wa darasa wafungue vitabu vyao pamoja, wiki ya masehemu ndo iwe wiki ya mirathi, wiki ya ramani ndo waoneshwe kibla kinatafutwa vipi.

Jumamosi tuna mkutano wa wazazi na nitasimama niulize ustadh wetu analipwa ngapi, na wazazi wa skuli nyingine nawaomba muulize hivyo hivyo kwenu. Kijana wangu nimemwambia ile homuweki yake aende akamuoneshe ustadh kwanza, halafu ndo ampe mwalimu wa hesabu.

Mzazi,
Kisauni, Mombasa