Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Zana Zilizopungukiwa Vipande

Ndugu wanachama,

Naanza na mafupi. Hesabu zimekaguliwa na mhazini atazisoma mwenyewe; ada zinatosha kodi ya karakana na mafuta ya kuzuia kutu, basi. Uchaguzi uko mwisho wa ajenda. Nafasi iliyobaki naitoa kwa jambo lililojaza meza yetu ya kazi mwaka mzima.

Karibu kila zana ya kale iliyoletwa ilikuwa na pengo. Randa haina kisu, msumeno hauna mpini, randa ya mbao imepoteza kabari inayobana kisu. Mwenye nayo huuliza kwanza atapata wapi kipande cha kujazia. Kamati inaona swali hilo linakuja mapema mno. Kwanza tujue tumeshika nini.

Chukueni randa za chuma za Stanley, kampuni ya zana ya Marekani, ambazo ndizo nyingi kwetu. Kampuni ilinunua hataza za mvumbuzi wa randa Leonard Bailey mwaka 1869, kisha ikaendelea kurekebisha umbo lile lile kwa miongo mingi. Ndiyo maana vipande vyake hufanana sana na bado vikakataana. Skrubu ya kusogezea kitako cha kisu, yaani kipande ambacho kisu hulalia, kwa nyuma ilianza 1907. Mwili uliochapwa tarehe tatu za hataza, ya mwisho ikiwa ya Aprili 1910, hauwezi kuwa wa kabla ya hapo. Ukikuta juu yake kisu chenye alama ya moyo, alama iliyotumika miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, elewa kwamba yawezekana kabisa kisu kilikuja baadaye. Hilo si dosari. Visu huisha kwa kunolewa. Liandikwe tu kwenye kadi ya zana.

Uharibifu mkubwa tunaouona unatoka kwenye hesi, yaani mikunjo ya skrubu. Skrubu ya kifuniko cha kisu kwenye randa hizo ina upana wa 9/32 ya inchi na hesi 24 kwa inchi, kipimo ambacho huwezi kukipata kwenye sanduku la kawaida la skrubu. Anayelazimisha ya milimita inayokaribiana nayo anakula hesi za chuma cha kusubu, na hapo tatizo la skrubu moja limekuwa tatizo la randa nzima. Zana za Uingereza nazo mara nyingi zina hesi za Whitworth, mfumo wa 1841 wenye pembe ya nyuzi 55, wakati za Marekani ni nyuzi 60. Hata idadi ya hesi ikilingana, haziketi sawasawa. Geji ya hesi ipo kabatini. Itumieni kabla ya kushika bisibisi.

Kwa misumeno, tumewazoesha wengi kusoma nishani ya shaba kwenye mpini. Disston, watengenezaji misumeno wa Marekani, walianza kuandika "& Sons" mwaka 1871, kwa hiyo nishani inasaidia. Lakini nishani husafiri pamoja na mpini. Tazameni matundu ya bapa la msumeno: likiwapo tundu lisilo na mwenzake kwenye mpini, mpini huo ulihamia. Na nishani yenye maneno "Warranted Superior" ilitumiwa na watengenezaji wengi mno. Haithibitishi jina lolote.

Kabari ndiyo kazi ninayopenda kuona wanachama wapya wakianza nayo. Hukatwa kwa mti mgumu, hupakwa chaki, husukumwa mahali pake, kisha hupunguzwa pale chaki ilipofutika mpaka iguse kote. Haina haraka, na haiharibu chochote cha asili.

Onyo moja la usalama: kwenye beseni la kuondolea kutu kwa umeme, marufuku kuweka chuma kisichoshika kutu upande wa chanya. Huweza kutoa kromiamu yenye sumu. Chuma cha kawaida kinatosha, na madirisha yawe wazi.

Sasa lile lililotugawa. Baadhi yenu mnanunua zana mbili pungufu na kutengeneza moja kamili. Sina ugomvi na hilo pale zote mbili zilikwisha kufa. Kuvunja zana inayokosa skrubu moja ili kuokoa nyingine, hapana, hatujaokoa kitu. Kamati inapendekeza mambo mawili yapigiwe kura: zana inayoweza kufanya kazi isivunjwe vipuri karakanani, na kila kipande kipya kigongwe mwaka wa kutengenezwa mahali pasipoonekana zana ikiwa imefungwa. Wapo wanaosema alama hiyo itashusha bei. Ikishusha, basi bei ile ilikuwa ya uongo.

Sanduku la pamoja la vipuri bado lina pengo la fimbo fupi za Stanley namba 45, randa ya kuchonga mifuo, ambazo hupotea kwa sababu wengi huacha zile ndefu tu ndani ya randa. Mwenye za ziada amwone mtunza stoo. Mimi sigombei tena nafasi hii. Fomu za wagombea ziko kwa katibu.