Barua kwa mwanangu: teremsha gia

Mwanangu mpendwa,

Jana saa mbili usiku nilikusikia ukipanda kile kilima cha mtoni kutoka Kangemi. Nilikuwa nafunga karakana, na kabla taa yako haijatokea nilishajua ni wewe, maana hapa mtaani hakuna mwingine anayepanda pale na gia ya nne huku injini inagugumia kama mtu aliyekabwa koo. Ulipofika ukanisalimu vizuri, na mkate umenibebea, nikashindwa kusema. Habari za pikipiki tukizizungumza tunaishia kupandishiana sauti na mama yako anakosa usingizi. Kwa hiyo naandika. Barua naitia kwenye kifuko cha spana chini ya kiti. Ile spana ya 14 nimeirudisha humo, usiazime mtu tena.

Jumamosi unaondoka kwenda Eldoret na mzigo wako wote nyuma. Kazi umeipata mwenyewe bila kujuana na mtu, na mimi nimewaambia watu wote wa stejini, hata wasioniuliza. Lakini ni zaidi ya kilomita 300, na vilima vya huko si hiki chetu cha mtoni. Nilitaka upande matatu, pikipiki ije na lori. Umekataa. Basi teremsha gia, mama. Hilo moja tu nakuomba.

Gia kubwa peke yake si kosa. Kwenye tambarare, mkono ukiwa umevuta mafuta kidogo, injini inakwenda taratibu na hakuna kinachoumia. Kosa lako ni kwamba kilima kinaanza ukiwa ndani ya nne, mwendo unaanguka, na wewe badala ya kuteremsha unavuta mafuta mpaka mwisho. Hapo pistoni inasukumwa kwa nguvu zote na krankishafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, inajizungusha polepole, na mzigo wote huo unaangukia konrodi, kile chuma kinachounganisha hizo mbili, na beringi yake. Ni sawa na kupanda ngazi za ghorofani na mtungi wa lita 20 ukiruka vidato vitatu vitatu. Utafika juu, lakini magoti yatakwambia. Halafu pampu ya oili inazungushwa na injini hiyo hiyo. Injini ikizunguka polepole oili nayo inakuja kidogo, saa ile ile beringi inapoililia. Na hizi zetu zinapozwa na upepo tu. Ukipanda kwa mwendo wa mtu anayetembea, upepo utatoka wapi?

Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya mkebe, usiongeze mafuta hata kidogo. Hiyo ni petroli inayojilipukia yenyewe badala ya kuungua kwa utaratibu, na kila mlipuko ni nyundo juu ya pistoni.

Kuna kitu sikukuonyesha Jumapili nilipofungua gurudumu lako la nyuma. Zile raba za ndani ya habu, pale katikati ya gurudumu, zinazotakiwa kuingia kwa kusukumwa na kiganja, zilidondoka zenyewe. Kingo zimelika, na chini yake kulikuwa na unga mweusi, laini kama masizi ya jiko. Ncha ya kidole changu ilipita katikati. Raba hizo ndizo zinazopokea mishtuko kati ya cheni na gurudumu, na mishtuko ni huko kugugumia ninakokwambia. Nimeweka mpya na cheni nimeikaza. Raba si ghali. Beringi ya konrodi ni lazima upasue injini nzima kuifikia, na mimi sitakuwa Eldoret.

Najua utaniuliza nani alikufundisha. Petroli ilipopita shilingi 200 kwa lita mwaka 2023, kuna mtu alikuwa anakwambia kila asubuhi, weka gia kubwa, weka gia kubwa, mafuta yasiishe. Mtu huyo alikuwa anawaza kodi ya nyumba. Ya tambarare alikuambia, ya kilima hakukuambia. Na zile wiki tatu ulizokaa nyumbani ukiwa kidato cha pili, ukaambiwa kazi zimepungua: hazikuwa zimepungua. Karo ilikuwa imekwenda kwa fundi, kununua konrodi mpya, kwa sababu pikipiki yangu ilinoki, na ilikuwa imegonga mwezi mzima nikiisikia. Ufundi nilianza kujifunza baada ya hapo. Mama yako anajua. Wewe nilikuwa sijakuambia.

Sasa, pikipiki yako haina mshale wa kuhesabu mizunguko, kwa hiyo utatumia sikio na mkono. Injini ya cc 150 ikiwa imewashwa tu na pikipiki imesimama, inazunguka kama mara 1,400 kwa dakika, na nguvu yake kubwa iko huko juu karibu na 7,000. Usiogope ikilia kidogo. Wewe unadhani sauti nyembamba ndiyo inayoiua, kumbe inayoiua ni ile nzito. Ukivuta mafuta na mwendo hauongezeki, teremsha. Usukani ukianza kutikisika kwa mapigo, ulikuwa umeshachelewa. Teremsha moja, sikiliza, halafu nyingine ikibidi. Usiruke kutoka nne hadi moja ukiwa mbioni, gurudumu la nyuma litajifunga.

Na huko juu hewa ni nyepesi. Nairobi tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, Timboroa, utakapopita kabla ya Eldoret, inapita 2,700. Kila mita 100 unazopanda, injini ya kabureta inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu, kwa hiyo ukifika kule sehemu moja kwa kumi imeshaenda na mzigo ni ule ule. Kilima unachokipanda hapa na gia ya tatu, kule ni cha gia ya pili. Usione aibu wengine wakikupita.

Kinachoninyima usingizi hasa ni lori. Unapanda, lori liko nyuma, unataka kutoka mbele yake, unavuta mkono na injini inakohoa tu kwa sababu gia ni kubwa. Ukiwa kwenye gia yake, inaondoka papo hapo. Na siku ukirudi, kuteremka ule mteremko wa Salgaa usiweke nyutro kuokoa petroli, nakuona ukifanya hivyo hapa mtoni. Helmeti nayo uifunge mkanda. Kuivaa bila kufunga ni kuvaa kofia.

Mdogo wako anasema kitanda chako ni chake kuanzia Jumamosi, nimemwambia angoje Jumapili. Gesi imeisha, tunapikia makaa mpaka mwisho wa mwezi, kwa hiyo chai ya alfajiri itakuwa kwenye chupa, usihangaike kuwasha jiko. Sufuria kubwa uliyoifunga kwenye mzigo ni ya jirani, itoe. Mama yako amekuwekea blanketi ya kijivu, ichukue hata kama hupendi rangi yake, Eldoret kuna baridi.

Ukifika Nakuru simama, izime ipoe, unipigie. Nisipopokea ujue mikono ina oili. Piga tena.

Baba yako